Sasa Wewe Ndiwe Baba



Katika maktaba ya shule yetu kimo kitabu kimoja kinene ambacho wanafunzi wengi hukitoa rafuni, wakakipima uzito kwa mkono, kisha wakakirudisha. Jina lake ni The Grapes of Wrath, yaani Zabibu za Ghadhabu. Mwandishi wake ni John Steinbeck, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902 katika mji wa Salinas, jimbo la California, akafariki mwaka 1968. Kitabu kilitoka mwaka 1939, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1940, na mwandishi wake akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1962.

Sikukusudia kukisifu, maana wakubwa wamekwisha kukisifu. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo moja tu lililomo, ambalo latuhusu sisi wanafunzi, na walimu wetu, na zaidi wazazi wetu: jamaa kubwa ikifikwa na msiba, mzigo wa nyumba uchukuliwe na nani, tena kwa namna gani?

Sisi tunalo jibu fupi. Matanga yakianuliwa, wazee humwita mtoto wa kwanza wa marehemu, wakamwekea mkono begani, wakamwambia, "Sasa wewe ndiwe baba." Mimi mwenyewe nimeambiwa neno hilo. Ni wa kwanza katika watoto saba, na baba yetu alifariki nilipokuwa Kidato cha Pili. Katika darasa letu nawajua wengine watatu walioambiwa vivyo hivyo. Mmoja wao muhula uliofuata hakurudi shuleni. Alikwenda kutafuta kazi ili apate kuwa baba. Umri wake ulikuwa miaka kumi na sita. Basi maoni yangu ni haya: neno hilo husemwa kwa mapenzi, lakini si kweli, tena laleta hasara. Mtoto hawi baba kwa kuambiwa. Na habari za jamaa ya Joad, iliyomo katika kitabu hicho, zaonyesha vizuri kwa nini.

Kwa wale ambao hawajakisoma, yafaa nieleze kwanza habari yenyewe. Katika miaka ya 1930 wakulima wengi wa nchi tambarare za katikati ya Marekani walipatwa na mabaya matatu kwa pamoja. Bei za mazao zilianguka. Mvua zilikatika mwaka baada ya mwaka, na upepo ukaichukua ardhi iliyochoshwa kwa kulimwa, ikawa vumbi la kutia giza mchana. Tena wenye mashamba na mabenki wakaona kwamba trekta moja laweza kulima mahali palipolimwa na jamaa nyingi, wakawafukuza wapangaji wao. Mamia ya maelfu ya watu wakafunga mizigo wakaelekea California, ambako waliambiwa kwamba kazi ya kuchuma matunda ni tele. Steinbeck hakuyabuni mateso yao mezani kwake. Mwaka 1936 gazeti la San Francisco News lilimwagiza aandike habari za makambi ya wahamiaji hao. Akaenda, akaona kwa macho yake, na mwaka 1938 akakaa kuiandika riwaya.

Jamaa ya Joad yatoka karibu na mji wa Sallisaw, jimbo la Oklahoma. Wao ni kumi na wawili: Babu na Bibi, Baba na Mama, Ami John, ndugu yake Baba, watoto sita, nao ni Noah, Tom, Rose of Sharon, Al, Ruthie na Winfield, na Connie, mume wa Rose of Sharon, ambaye ana mimba. Tom ametoka gerezani baada ya miaka minne, kwa kumwua mtu katika ugomvi. Wa kumi na tatu ni Jim Casy, aliyekuwa mhubiri akaacha. Wote wapanda motokaa moja kuukuu aina ya Hudson, iliyokatwa nyuma ikafanywa lori, wakashika njia kuu namba 66 kwenda magharibi.

Tangu hapo kitabu ni hesabu ya kutoa. Babu afa usiku wa kwanza wa safari, wamzika kando ya njia. Noah afika mtoni, aufuata mto asirudi. Bibi afa jangwani. Connie atoroka na kumwacha mkewe. Casy auawa kwa kuongoza mgomo wa wachumaji. Tom ampiga aliyemwua, yule naye akafa, na Tom yambidi kujificha na kwenda zake. Al achumbia, abaki na jamaa ya mchumba wake. Mtoto wa Rose of Sharon azaliwa amekufa. Waliondoka kumi na watatu; katika kurasa za mwisho waliobaki pamoja ni sita.

Watu wengi wanaokisema kitabu hiki humsifu Mama Joad kwamba ndiye aliyeishika jamaa isitawanyike. Mimi nasema sivyo. Jamaa ilitawanyika, naye aliona. Kuna mahali ambapo gari la rafiki zao wa njiani laharibika, na Tom ashauri kwamba yeye na Casy wabaki kulitengeneza, wengine watangulie. Mama ashika chuma cha jeki mkononi, amwambia mumewe mbele ya watu kwamba haendi, na atakayetaka kumpeleka na aje. Wanaume wote wanyamaza, na safari yaahirishwa. Ni mahali pazuri katika kitabu, na najua wasichana wa darasa letu hupapenda sana. Walakini siku chache baadaye Noah ajiendea zake ufukoni, na chuma kile hakikuweza kumzuia. Sifa ya Mama Joad, kwa maoni yangu, ni nyingine kabisa, nayo ni kubwa zaidi: alijifunza njiani jinsi ya kuugawa mzigo, ili kila mtu apate kipande anachoweza kukichukua.

Tazameni kwanza habari za Ami John. Zamani alikuwa na mke kijana. Siku moja mke alilalamika tumbo, naye John akadhani ni jambo dogo, asimwite daktari, mke akafa. Tangu siku hiyo John akajihukumu mwenyewe, akaifungia huzuni yake kifuani. Huwapa watoto wa watu peremende, huwaletea jirani chakula, kisha siku nyingine hunywa pombe mpaka akaanguka. Mtu huyu ni mzima wa mwili, ana nguvu, lakini jamaa inapomhitaji kwa kweli mara nyingi hayupo, maana mikono yake imejaa mzigo ambao hapana aliyewahi kumpokea. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Wakatufundisha kwamba mzigo wa mtu mwingine huonekana mwepesi kwa sisi tunaoutazama. Mtoto aliyefiwa akinyamaza na kufanya kazi zake vizuri, sisi husema, "Huyu ni mwanamume, amejikaza." Twaona kanda la usufi, hatujui ndani mna nini.

Sasa nije kwenye usiku wa jangwani, ambao husifiwa kuliko kurasa nyingine zote. Bibi alikata roho gari lilipokuwa likivuka jangwa. Mama alikuwa amelala karibu naye nyuma ya lori, akajua, asimwambie mtu. Walipofika kwa wakaguzi wa mazao, ambao walitaka kila mzigo ushushwe, alishuka akawasihi kwamba mkongwe wake ni mgonjwa sana, wakawaachilia. Akaendelea kulala kando ya maiti ya mkwewe mpaka kulipokucha, nao wamelivuka jangwa na bonde la California liko mbele yao lenye miti ya matunda. Hapo ndipo aliposema. Casy asikiapo, akiri kwamba upendo mkubwa namna hiyo unamtia hofu.

Najua kwamba wengine huutoa usiku huo kuwa mfano wa kuigwa. Kwa heshima zote, mimi nauona kuwa onyo. Siwezi kumlaumu Mama Joad. Kama angalisema, gari lingesimamishwa, na fedha zao zilikuwa chache, na pengine wasingevuka. Hakuwa na njia nyingine. Lakini yatazameni maneno ya mwandishi mwenyewe anavyomweleza asubuhi ile: uso umekakamaa, macho mekundu, mwili hauwezi kusimama bila kushikwa. Ikiwa mwanamke mzima, hodari kuliko wote katika hadithi, usiku mmoja wa kuubeba msiba peke yake ulimfanya hivyo, je, mtoto wa Kidato cha Pili aliyeambiwa aubebe miaka kumi atakuwaje? Hili ndilo swali ambalo napenda wazazi wetu walifikiri.

Na mtoto kuchukuzwa mzigo wa mtu mzima, kitabu kinalo jibu lake pia. Tom alipokuwa amejificha baada ya kumwua yule mtu, jamaa nzima ilijua siri, hata wadogo. Ruthie alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja watoto wenzake walimnyang'anya bisi zake za sukari, na mmoja, mkubwa kuliko yeye, akampiga. Ruthie kwa uchungu akatamka kwamba kaka yake amekwisha kuua mtu, tena amejificha karibu, naye atakuja kumlipizia. Kwa neno hilo moja Tom hakuweza kukaa tena. Mama alimwendea gizani alikojificha, akampa vijisenti alivyokuwa ameweka, wakaagana. Angalieni kwamba Mama Joad hakumpiga Ruthie. Alijua kwamba kosa halikuwa la mtoto. Siri ile ilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Ukimpa mtoto mtungi wa mtu mzima, ukavunjika, usiulize nani aliuvunja. Uliza nani aliyemtwika.

Basi mzigo ugawanywe namna gani? Kwanza, kazi zisibaguliwe. Usiku wa kujiandaa na safari, Casy ajitolea kuitia nyama chumvi. Mama ashangaa, maana kwao ni kazi ya kike, lakini Casy haoni tena maana ya kubagua, naye Mama amwachia. Mhubiri atia nyama chumvi, Mama apata nafasi ya kuviangalia vitu vyake vya ukumbusho na kuvichoma alivyoona havichukuliki. Kazi ile ndogo ya Casy ndiyo iliyompa Mama saa yake ya kuomboleza. Katika nyumba zetu, baada ya msiba, mara nyingi wasichana hupewa maji, kuni, jiko na wadogo, na wavulana hupewa cheo. Twaambiwa sisi ndio baba, kisha twakaa. Dada zetu hawaambiwi lolote, nao hawakai.

Pili, wakubwa wasiachwe kukaa pembeni. Baba Joad alipokosa shamba na kazi, alianza kuvunjika moyo. Hakujua tena nafasi yake. Mama alimchokoza kwa maneno makali mpaka akakasirika, kisha akamweleza Tom faraghani sababu yake: mtu anayekasirika bado hajashindwa. Twaweza kusema njia yake ilikuwa ngumu, lakini angalieni shabaha. Hakutaka kukitwaa kiti cha mumewe. Alitaka mwenyewe asimame tena. Na katika sura ya mwisho Baba asimama kweli. Mvua kubwa zanyesha, mto wafurika karibu na mabehewa ya zamani ya reli wanamokaa, na Rose of Sharon yumo katika uchungu wa kuzaa. Baba awaita wanaume wa jamaa nyingine, wachimba usiku kucha na kujenga boma la udongo kuzuia maji. Mti mkubwa waanguka walibomoa boma, na kazi yote yapotea. Lakini Baba Joad usiku ule alikuwa baba. Hakuwekwa na maneno ya mtu begani. Aliwekwa na koleo mkononi, na wenzake wengi kulia na kushoto.

Tatu, jirani wahesabiwe. Usiku huohuo mama wa jamaa waliyokaa nayo katika behewa moja alikuja kumsaidia mzazi. Mama Joad alipomshukuru, yule alikataa shukrani, kwa kuwa shida yao ni moja. Hapo Mama akaona kwamba zamani aliwajali watu wa nyumba yake kwanza, na sasa amjali yeyote mwenye haja. Hii ndiyo safari ndefu ya kitabu hiki, ndefu kuliko njia namba 66. Jamaa ilipungua kwa hesabu ya vichwa, ikaongezeka kwa hesabu ya mikono.

Baada ya hapo lafuata jambo la mwisho. Wakimbia maji, waingia katika banda moja, wamkuta mwanamume anayekufa kwa njaa, ambaye alijinyima chakula ili mwanawe ale. Rose of Sharon, aliyetoka kumzaa mtoto mfu, ampa mtu huyo maziwa yake. Binti huyu kitabu chote alilalamika na kujifikiria mwenyewe na mimba yake. Je, ni nani aliyemwambia, "Sasa wewe ndiwe mama"? Hapana. Mama yake alimtazama tu, naye akamtazama, akaelewa, akakubali. Jukumu la kweli huja hivyo. Hufika mtu alipokwisha kutunzwa yeye kwanza, na hukubaliwa na mwenyewe kwa hiari.

Natazamia majibu mawili. Mzazi mmoja atasema kwamba kitabu hiki kina lugha isiyofaa watoto. Hata huko California kwenyewe, wakubwa wa wilaya ya Kern walikipiga marufuku katika maktaba na shule zao mwezi wa Agosti 1939, wakakifungulia mwaka 1941. Kweli, watu wa Steinbeck husema kama wasemavyo watu wenye njaa na vumbi kooni. Lakini sijaona mahali ambapo ubaya unasifiwa, na nimeona mahali pengi ambapo wema unafanywa na watu wasio na kitu.

Mzazi mwingine atasema, na neno lake ni zito zaidi: "Kumpa mtoto wa kwanza heshima ni desturi njema. Ndiyo iliyotufanya sisi tuwe watu. Ninyi vijana mwataka kukimbia wajibu." Namjibu kwa adabu kwamba sikimbii. Wadogo zangu ni wadogo zangu, na Mungu akinijalia kumaliza masomo watanitegemea, nami nitafurahi. Walakini kuwa kaka ni jambo moja, na kuwa baba ni jambo jingine. Kaka mkubwa hupunguza mzigo wa nyumba. Kumwita baba kwaweza kuwapa wengine ruhusa ya kuutua wote juu yake na kwenda zao. Wajomba huenda zao. Ami huenda zao. Abakiye ni mtoto, na ada ya shule, na shamba, na mama mwenye macho mekundu.

Kwa hiyo natoa shauri dogo, ambalo halihitaji fedha. Siku ya kuanua matanga, wakubwa wakutane kabla hawajaagana, na kila mmoja aseme mbele ya wengine atachukua nini. Mmoja aseme, "Mimi nitalima kipande cha mtoni." Mwingine aseme, "Mimi nitampeleka wa tatu shule." Shangazi aseme, "Mimi nitalala hapa na mjane mpaka mwezi uandame." Wasichana na wavulana wagawiwe kazi za nyumbani sawasawa. Mwisho aitwe mtoto wa kwanza, aulizwe yeye mwenyewe anaweza nini, na akijibiwe kile alichosema, pasiongezwe. Walimu nao wakipata habari kwamba mwanafunzi amefiwa, wasingoje mpaka jina lake likose kuitikiwa asubuhi; wamwite mapema, wamwulize nani analipa, na nani yuko nyumbani.

Nasi wanafunzi tunayo sehemu yetu. Mwenzetu akirudi kutoka msibani, tusimwambie ajikaze. Tumnakilie masomo aliyoyakosa, tumfulie nguo wiki ya kwanza, tumwachie nafasi ya kusema na nafasi ya kunyamaza. Kama Casy na nyama yake ya chumvi, tutakuwa tumechukua kitu kidogo sana, naye atapata saa moja ya kumlilia baba yake.

Kitabu kipo rafuni, nacho kina sura thelathini. Anayetaka kunipinga na akisome kwanza, kisha aniandikie katika toleo la muhula ujao.

Mwanafunzi,
Kidato cha Tano